Dawa ipi ipakwe kwenye zege linalovuja karibu na bahari?

*"Shikamoo Mhandisi. Nyumba ya mama yetu iko Kigamboni, ukiwa juu ya paa bahari unaiona. Ni ya ghorofa moja, ilijengwa mwaka 2011, na paa lake ni slabu bapa ya zege. Tangu masika ya mwaka juzi dari la chumba cha juu lina mabaka meusi, na mvua ikizidi maji yanadondoka kabisa. Balkoni nayo inabanduka kwa chini, vipande vimeanguka mara mbili, na nondo zinaonekana zikiwa na kutu. Fundi wa kwanza anasema tununue ndoo za dawa ya kuzuia maji tupake juu na chini, siku mbili kazi imekwisha. Wa pili anasema tupige sakafu nyingine ya saruji juu ya slabu na kuifunga kwa niru (uji wa saruji). Wa tatu anasema tupige bati tu. Binamu yetu aliyeko Minnesota, Marekani, anatuambia huko watu hupaka dawa kwenye zege la nyumbani kila baada ya miaka michache na halisumbui. Pia tumemwaga zege la maegesho ya gari, lina wiki mbili, tungependa lipakwe kwa pamoja. Fedha tumechanga ndugu, hazitoshi kurudia kazi. Tununue dawa ipi?"*

Marahaba. Kabla sijajibu, naomba jambo moja lifanyike leo: mtu yeyote asipite wala kukaa chini ya balkoni hiyo, na watu wasikusanyike juu yake. Fungeni mlango wa kutokea balkoni, na chini wekeni kamba au mapipa ili watoto wasiende kucheza hapo. Sababu nitaieleza, lakini hilo lisisubiri mmalize kusoma.

Sasa dawa. Katika maelezo yako naona matatizo matatu, na kila moja lina tiba yake. Paa linavuja. Balkoni ina nondo zinazooza. Zege la maegesho ni jipya na zima. Dawa ya kupaka inafaa moja kwa moja kwa hilo la tatu tu, na hata hapo si wiki hii. Kwa paa, dawa ni hatua ya mwisho baada ya kazi nyingine. Kwa balkoni, kupaka dawa sasa ni kufunika ugonjwa usionekane huku ukiendelea kula ndani.

Ili uelewe kwa nini nasema hivyo, tuliangalie zege lenyewe. Watu wengi hudhani zege likishakauka halipitishi maji. Linapitisha, na linapitisha kiasi gani inategemea siku lilipomwagwa. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unahitaji maji lita 20 hadi 25 hivi kupata zege imara. Kwenye saiti nyingi maji huongezwa mpaka zege literemke lenyewe kutoka kwenye toroli, kwa sababu linasambaa kwa urahisi na siku ya kumwaga slabu kila mtu amechoka. Yale maji ya ziada hayaungani na saruji. Yanakaa humo, kisha yanakauka, na yanapotoka yanaacha vijia vyembamba visivyohesabika vinavyoungana kutoka juu hadi chini. Ongeza lita 10 kwa kila mfuko na utapata zege ambalo kwa macho halina kasoro, lakini linakunywa maji. Kama pia halikumwagiliwa kwa siku saba za mwanzo, uso wake huwa dhaifu zaidi, na uso ndio unaopigwa na jua, mvua na chumvi.

Maji peke yake hayaozeshi nondo iliyo ndani ya zege zima. Saruji inaposhika hutoa chokaa, na chokaa hiyo hulipa zege ualikali mkali (kinyume cha asidi), kwa kipimo cha pH 12.5 na zaidi. Katika hali hiyo uso wa nondo hujivika utando mwembamba sana unaozuia kutu. Utando huo una maadui wawili. Wa kwanza ni hewa: kabonidayoksaidi huingia polepole kupitia vijia vile, huungana na chokaa, na ualikali ukishuka hadi chini ya 9 utando hauna tena kinachoushikilia. Hilo huchukua miaka mingi kwenye zege zuri, na miaka michache kwenye zege la majimaji. Adui wa pili ni chumvi ya bahari. Kloridi iliyomo humo hupenya na kuutoboa utando hata kama zege bado lina ualikali wake wote. Kigamboni mnao wote wawili, ila chumvi ndiyo yenye haraka. Si lazima wimbi lifike ukutani, upepo wa kusi hubeba vitone vya maji ya bahari na kuvipaka kwenye nyumba msimu mzima.

Kuna na jambo la mchanga. Kama mwaka 2011 mchanga ulichotwa ufukweni bila kuoshwa, chumvi ilikuwa ndani ya zege tangu siku ya kwanza, na hakuna kitu unachoweza kupaka nje kikaitoa. Muulizeni mama, au yeyote aliyesimamia ujenzi, mchanga ulitoka wapi. Jibu hilo lina thamani kubwa kuliko mnavyodhani, na mhandisi atakayekuja ataliuliza.

Nondo ikishaanza kuota kutu, kutu hiyo huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa. Zege linastahimili kubanwa vizuri sana, lakini kuvutwa halistahimili. Basi linasukumwa kutoka ndani kama mzizi wa mwembe unavyoinua sakafu ya uwani. Kwanza unatokea ufa mwembamba ulionyooka, ukifuata mstari wa nondo. Kisha michirizi ya kahawia. Kisha kipande kinaachana na wenzake, kinakaa hapo kikingoja, na siku moja kinaanguka. Kikianguka, nondo imebaki uchi, hewa na chumvi vinaifikia bila kizuizi, na kasi inaongezeka. Kwenu vipande vimeshaanguka mara mbili, kwa hiyo safari hiyo imekwenda mbali.

Binamu yenu anasema kweli kwa huko aliko. Minnesota maji yaliyoingia kwenye zege hugeuka barafu, na barafu hutanuka kwa asilimia 9 hivi. Yakiganda na kuyeyuka majira yote ya baridi, uso wa zege humenyeka. Juu ya hapo barabara hunyunyiziwa chumvi ya kuyeyusha barafu, na magari huileta hadi mlangoni. Watu wanapaka dawa ili maji na chumvi visiingie. Dawa za aina hiyo zinatusaidia na sisi watu wa pwani dhidi ya chumvi yetu. Lakini angalia anachopaka: zege zima, lililolala juu ya ardhi, lenye mteremko, lisilo juu ya kichwa cha mtu. Hali hiyo inafanana na maegesho yenu, haifanani na balkoni.

Na hapo ndipo nataka tukae zaidi.

Balkoni inayotokeza nje bila nguzo hushikiliwa na nondo zilizo upande wa juu wa slabu yake. Uzito wa mbele hulivuta zege la juu na kulibana la chini, na mahali panapovutwa zaidi ni pale balkoni inapoungana na ukuta wa nyumba. Kwa hiyo nondo mnazoziona chini huenda ni zile za kugawa mzigo tu, na kuoza kwake, ingawa ni kubaya, si kwamba balkoni inaanguka kesho. Lakini upo uwezekano wa pili. Siku ya kumwaga zege mafundi hutembea juu ya nondo wakisukuma toroli, na kama biskuti za kuinulia nondo hazikutosha, nondo kuu hukanyagwa zikashuka chini. Kama ndizo hizo mnazoziona, balkoni hiyo haijawahi kuwa na nguvu iliyochorwa, na sasa hata ile iliyokuwa nayo inapungua. Kwa kutazama tu hamuwezi kutofautisha. Tazameni upande wa juu, pale sakafu inapokutana na ukuta. Mkiona ufa unaokwenda sambamba na ukuta, au marumaru zimepasuka kwa mstari hapo, au mpira ukiwekwa unakimbilia ukingo wa mbele kuliko zamani, piga simu kwa mhandisi siku hiyohiyo. Hata msipoviona hivyo, bado mhandisi anahitajika, ila mna wiki chache za kumtafuta kwa utulivu.

Fundi yeyote asianze kugonga balkoni hiyo kabla haijawekewa mirunda ya kuishikilia kutoka chini. Zege bovu likiondolewa bila mhimili, mnaondoa sehemu ya nguvu wakati balkoni bado imebeba uzito wake wote.

Ukarabati wenyewe, ukifanywa kwa haki, ni kazi ya subira. Zege lililoachana hukatwa lote, na lile linalozunguka nondo hutolewa mpaka kidole kipite nyuma yake, sentimita 2 hivi, kuendelea hadi ifikie nondo safi isiyo na kutu. Mafundi wengi huishia mbele ya nondo, wakaacha nusu ya nyuma imekaa kwenye zege lenye chumvi, na kiraka hicho hubanduka tena mapema. Kutu husuguliwa kwa brashi ya waya au mashine mpaka chuma king'ae, kisha huoshwa kwa maji baridi ya bomba ili chumvi itoke. Hapo ndipo kipimo kinachukuliwa. Nondo ya milimita 12 iliyobaki milimita 10 inaonekana nzima machoni, lakini imepoteza asilimia 30 ya chuma chake. Nondo ya namna hiyo inahitaji nyingine ya kuisaidia, na urefu wa kuziunganisha huamuliwa na mhandisi. Baada ya hapo hupakwa kinga ya kutu, hujazwa mota maalumu ya kukarabati zege, na kiraka humwagiliwa au kufunikwa kwa siku kadhaa sawa na zege jipya.

Niseme na ubaya wake, kwa kuwa fedha ni ya kuchanga. Zege lililojaa chumvi hata likitiwa kiraka kizuri, nondo iliyo pembeni mwa kiraka inaweza kuanza kuoza kwa kasi kuliko mwanzo. Kwa hiyo kama maabara itaonyesha kloridi imeenea balkoni nzima, kuivunja na kuimwaga upya kwa nondo zilizofunikwa na zege la milimita 40 hadi 50 kunaweza kuwa nafuu kuliko viraka vya kila miaka mitatu. Hilo linauma kulisikia. Ni afadhali mlisikie sasa kabla ya kununua ndoo hata moja.

Tuje kwenye paa. Fundi wa kwanza anataka kupaka juu na chini. Chini msipake chochote kinachoziba. Maji yanaingilia juu, na mkiziba chini hayatadondoka tena, mtadhani mmepona, kumbe yanakaa ndani ya slabu yakizunguka nondo. Rangi ya mafuta kwenye dari ni hivyohivyo: itatoa mapovu na kubanduka, kwa sababu unyevu unatafuta pa kutokea. Acheni dari lipumue mpaka juu patakapokuwa pamezibwa na slabu ikauke, kisha mpake rangi ya maji.

Kabla ya kuchagua kitu cha kupaka juu, tafuteni maji yanapoingilia. Pandeni juu nusu saa baada ya mvua kubwa na chaki mkononi, mchore mpaka wa kila dimbwi. Paa bapa halipaswi kuwa bapa kweli. Linatakiwa kuteremka walau sentimita 1 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la bomba, na sentimita 2 ni bora. Maji yasiyokuwa na pa kwenda yatapata ufa wowote ule na kuupita. Kisha zibeni matundu ya maji, mjaze sentimita 2 au 3 za maji kwenye slabu, mweke alama ukutani, na kuyaacha siku moja hadi mbili huku mtu akitazama dari. Sentimita 3 ni kilo 30 kwa kila mita mraba, kwa hiyo msizidishe, na jaribio hili lifanyike kwenye paa tu, balkoni isiguswe. Kama slabu imepinda kwa macho au chini yake nondo zimeanza kujitokeza, msilifanye kabisa.

Mara nyingi mtakuta maji hayapiti katikati ya slabu. Yanapita kwenye kona ambapo slabu inakutana na kile kiukuta cha pembeni, na kuzunguka tundu la bomba. Chukueni pia nyundo ndogo mgongegonge dari kwa upole, mkivaa kofia ngumu na miwani. Zege zima hutoa mlio mkavu, mkali. Lililoachana hutoa mlio mzito wenye uwazi ndani. Zungushieni chaki maeneo hayo. Michirizi migumu myeupe inayoning'inia darini ni chokaa ya saruji iliyoyeyushwa na maji yanayopita, na inakuonyesha hasa mahali pa kutazama upande wa juu.

Sakafu ya pili ya saruji aliyoitaja fundi wa pili siikatai moja kwa moja, kwa kuwa ndiyo njia ya kutengeneza mteremko usiokuwapo. Ila haizuii maji. Uso wa slabu yenu saa nane mchana unaweza kufika nyuzi 50 na zaidi, na usiku unarudi 25. Slabu ya mita 10 ikipata tofauti ya nyuzi 30 hurefuka na kufupika milimita 3 hivi, kila siku. Niru ni ngumu na nyembamba, haivutiki, kwa hiyo hupasuka palepale slabu ilipopasuka. Tena kuna uzito: sentimita 5 za saruji na mchanga ni zaidi ya kilo 100 kwa kila mita mraba. Linganisha na sakafu ya chumba cha kulala, ambayo husanifiwa kubeba mzigo wa watu na vyombo wa kilo 150 hivi kwa mita mraba. Kwenye slabu yenye miaka hii yote na chumvi, huo si uzito wa kuongeza kwa kukisia. Kama ipo sakafu ya zamani juu yake iliyobanduka, itolewe kwanza.

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi utaonyeshwa ndoo nyingi, zote zikiitwa dawa ya kuzuia maji. Ndani yake mna vitu visivyohusiana. Zipo zinazonywewa na zege, kama silani na siloksani: hazijengi utando, zinashikamana na kuta za vile vijia na kuzifanya zikatae maji, huku mvuke ukiendelea kutoka. Hizo ni nzuri sana kwa kuta za nje, bimu, nguzo na zege lenye mteremko. Lakini haziwezi kushindana na dimbwi, na hazizibi ufa. Ukiipaka kwenye paa lenu nayo ikiwa ndiyo kinga pekee, mmetupa fedha. Zipo za silikati, ambazo huungana na chokaa iliyobaki na kufanya uso uwe mgumu usitoe vumbi. Si kizuizi cha maji. Zipo rangi zinazojenga ngozi juu, kama akriliki na epoksi. Epoksi ikikaa juani hugeuka unga na manjano, basi iachieni ndani ya nyumba. Na zipo zenye kuvutika, ambazo ndizo paa bapa linazozihitaji: saruji iliyochanganywa na maji ya mpira, inayouzwa ikiwa vitu viwili, mfuko na galoni, poliyurethani ya kimiminika, na mikeka ya lami inayochomwa kwa gesi.

Kwa nyumba yenu, mteremko ukisharekebishwa, ningechagua ile ya mfuko na galoni au mkeka wa lami. Mkeka ukilazwa na mtu anayeujua hudumu zaidi, miaka 10 na kuendelea, lakini unahitaji fundi wa kazi hiyo hasa, na lazima uwe na kinga ya jua juu yake. Ya mfuko na galoni inasamehe zaidi makosa ya fundi wa kawaida. Nyufa hufunguliwa kwa grenda na kujazwa kitu kinachovutika, kona hujazwa mota zikawa na mshazari, wavu wa nyuzi hulazwa kwenye kona na juu ya nyufa ndani ya tabaka la kwanza, la pili hupakwa kwa kukatiza la kwanza, na zote hupanda ukutani sentimita 15.

Hapa kuna kosa moja ninaloliona mara kwa mara, kwa hiyo simameni mlitazame likifanyika. Dawa ya saruji hutaka uso uliolowanishwa, usio na maji yanayong'aa. Poliyurethani na lami hutaka uso mkavu kabisa. Fundi akizoea moja hutumia desturi yake kwenye nyingine. Kujua kama slabu ni kavu, bandikeni karatasi ya nailoni ya sentimita 45 kwa 45, pande zote zifungwe kwa gundi, ilale usiku mzima. Asubuhi ikiwa na matone kwa ndani au zege limekuwa jeusi chini yake, bado. Na utando wa poliyurethani usipakwe asubuhi wakati slabu inapata joto. Hewa iliyo kwenye vitundu hutanuka, hupanda, na kuacha vitobo vidogo kwenye utando mbichi. Pakeni jua likianza kupungua, saa tisa au saa kumi alasiri, mradi tabaka lishike kabla ya umande.

Fundi wa tatu, wa bati, msimdharau. Mji Mkongwe wa Zanzibar nyumba nyingi za mawe zilikuwa na mapaa bapa ya chokaa, na baadaye zikawekewa mapaa ya bati yenye mteremko juu yake. Sababu ilikuwa hiyohiyo ya mvua. Bati linaondoa dimbwi, linakinga slabu na jua, na hewa ikipita katikati slabu hukauka. Gharama yake ni kupoteza sehemu ya juu ya kuanikia na kupumzikia, na mikazo ya upepo wa kusi: ni lazima mbao zifungwe kwenye zege kwa boliti, na bati liwe la aluminiamu au lenye mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, kwa maana bati la kawaida karibu na bahari haliishi. Kama mama hapandi juu na slabu ina nyufa nyingi, binafsi ningelifikiria bati kabla ya dawa yoyote. Halitibu nondo zilizokwishaanza kuoza, lakini linazinyima maji.

Maegesho ni habari njema. Zege la wiki mbili bado lina maji mengi ndani na linaendelea kukomaa, na dawa nyingi za kunywewa zinataka siku 28. Ngojeni. Kama hamkulimwagilia wiki ya kwanza, limwagilieni hata sasa kwa siku chache. Kama lilimwagwa kipande kimoja kikubwa bila kukatwa, kateni mistari ya grenda kila mita 3, yenye kina cha robo ya unene. Ilitakiwa siku ya kwanza au ya pili, lakini kama bado halijapasuka inafaa. Baada ya siku 28 lioshwe, likauke, kisha lipakwe dawa yenye silani au siloksani mpaka likatae kunywa zaidi. Wiki moja baadaye mwagieni maji kidogo: yakisimama kwa matone, imeshika, yakizama na kuacha alama nyeusi, haikutosha. Mafuta ya gari bado yataacha doa, hilo dawa hii haiahidi. Msidanganyike na ile inayong'aa, kwani mvua ikinyesha huteleza na mama yenu anapita hapo. Mpakaji avae glovu na miwani, na asipake siku yenye dalili ya mvua.

Kuhusu fedha, ningepanga hivi. Kwanza mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, aje aone balkoni na paa kwa siku moja, aandike ripoti. Apime kina cha ualikali kwa kunyunyizia fenofthalini kwenye zege lililochongwa upya (panapogeuka waridi chokaa bado ipo, pasipogeuka imekwisha), na apeleke unga wa zege maabara kupimwa kloridi. Kisha balkoni. Kisha paa, kati ya Juni na Septemba ambapo mvua ni chache na jua si kali, au Januari na Februari mkikosa nafasi. Maegesho yanaweza kungoja hata mwaka, hayataanguka juu ya mtu. Mkipewa bei, msilinganishe ndoo kwa ndoo. Ulizeni ndoo moja inapaka mita mraba ngapi kwa matabaka yote yaliyoandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa, mgawanye. Ndoo ya bei nafuu inayotaka matabaka manne inaweza kuwa ndiyo ghali.

Na katika makubaliano na fundi wa paa, andikeni kwamba sehemu ya mwisho ya malipo italipwa baada ya jaribio la pili la maji: matundu yazibwe tena, sentimita 2 za maji, saa 48, mbele ya fundi na mmoja wenu. Dari likibaki kavu, alipwe siku hiyohiyo.